Unga Niliokatazwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza mmeitika kama watu waliolala njaa! Mimi ni Mama Elia, mnanijua. Wengine mnaniita Mama Sauti, mkidhani sisikii. Nasikia. Leo nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa na aibu na mauti, mimi na nyumba yangu yote, kwa habari ya unga wa muhogo.

Zamani nilikuwa mtu wa kusikiliza kila kitu. Bundi akilia, sitoki. Nikijikwaa njiani, shamba nimeliacha, narudi nyumbani. Nikiota ndoto, mbio kwa mganga! Nilipobatizwa hapa mjini Baraka, mganga nilimwacha, lakini masikio yangu hayakubatizwa. Kila hofu iliyonipitia nikaiita sauti ya Mungu. Mnakumbuka siku niliyopiga kelele pale pwani, kwamba Bwana amekataza mitumbwi isiende Kazimia? Ilikwenda. Ikarudi salama imejaa ndagala, dagaa wa ziwani, na wenye mitumbwi wakaniletea kikapu kizima huku wanacheka. Ndagala wale niliwala kwa uchungu.

Tangu hapo nikanyamaza. Nikasema, Mungu azungumze na wachungaji, mimi anipe uzima tu. Ndugu zangu, kuziba masikio nako ni ugonjwa!

Sasa, kaka zake mume wangu, watu wa kijiji cha Lubondja, walikuwa wamekataa kula kwetu tangu tulipoingia dini. Walisema nimempotosha ndugu yao, kwamba namtilia dawa katika chakula. Mwaka jana, baada ya mavuno ya pamba, wakatuma neno: tunakuja, na tutakula. Mume wangu alifurahi mpaka akaimba. Mimi niliogopa. Mnajua kwetu, mgeni akiumwa tumbo baada ya kula kwako, unaitwa mchawi kabla hajapona.

Nilikuwa nimejifungua, sina nguvu. Wifi yangu Ester, dada mdogo wa mume wangu, akabeba kazi zangu zote. Nikamwachia muhogo wa shamba la juu, ule mchungu, auloweke katika dimbwi la kando ya mto. Nanyi bamama mnajua, muhogo ule haupelekwi mbio. Unakaa majini mpaka ulainike, ganda litoke lenyewe mkononi, ndipo unaanikwa na kutwangwa. Usipolainika, ni sumu.

Asubuhi ya wageni nikakuta unga tayari, mweupe, umejaa ungo. Ester alikuwa anafagia ua, kichwa chini. Maji yakachemka. Nikachota unga nianze kusonga bugali, na ndani yangu nikasikia: usiwape watu hawa unga huu.

Mkono ukasimama. Nikasema, basi, Mama Sauti ameanza tena! Lakini hofu yangu naijua, nimeishi nayo miaka. Hofu huja inakimbia, na haiji bila kutaja adui: fulani anakuroga, fulani anakuchukia. Neno hili halikumtaja mtu. Halikunitisha hata kidogo. Nikaomba, "Bwana, kama ni hofu, iondoe." Hofu yangu ya wageni ikaondoka kweli, na neno likabaki palepale. Mmeona mbuzi wa nyumba zote wanavyorudi pamoja jioni? Mwenye mbuzi akiita, wake hugeuka. Hakuna aliyewafundisha, wamezoea tu kulishwa naye. Nami niligeuka hivyo. Nikaurudisha unga katika ungo.

Mama mkwe akaniona. "We, Mama Elia! Unafanya nini? Bageni beko mu njia!"

"Mama, hii unga sitaipika. Mungu amenikataza."

"Mungu gani? Ule wa mitumbwi?"

Neno hilo lilinichoma, sitaficha. Na yeye alikuwa na haki ya kukasirika, maana kwetu, hata umpe mgeni ng'ombe mzima, bila bugali hajala. Akaunyakua ungo, akaenda kuwamwagia mbuzi wake wawili nyuma ya nyumba. "Basi, mbuzi bakule! Habana dini!"

Nikakimbia kwa jirani yetu Mama Zuhura, wa familia ya Kiislamu. "Jirani, bageni banafika, na sina unga." Hakuuliza habari ndefu. Akanimiminia mchele aliotwanga kwa ajili ya watoto wake. "Kamata, mama. Mugeni wako ni mugeni wangu." Mungu ambariki mama yule!

Wageni wakafika. Nikaandaa wali, samaki na sombe ya majani ya muhogo. Hakuna aliyegusa. Walinitazama tu, wakingoja nionje mimi kwanza, kila chungu. Nikaonja vyote mbele yao kama mshitakiwa, ndipo wakala.

Walikuwa bado wananawa mikono mama mkwe alipoenda kuwatazama mbuzi wake. Tukasikia ukelele! Mmoja amekufa, povu mdomoni. Wa pili anayumba, miguu haimbebi.

Ester akaanguka magotini. "Mama Elia, mvua ilinyesha, mto ukajaa, nikaogopa muhogo itabebwa na maji. Nikaitoa kabla ilainike. Niliona haya kusema."

Nikamwinua. Ningemgombeza nini? Alitaka nisiaibike. Mama mkwe akanishika mkono, akauweka kifuani pake, moyo wake unapiga kama mchi kinuni. "Ingekuwa batoto bangu," akasema. "Ingekuwa batoto bangu bote."

Nililia, ndugu zangu! Nililia kwa raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni mgongoni. Wengine wananiambia, labda ni pua yako tu ilinusa uchungu. Inawezekana! Kwani pua hiyo aliniumbia nani?

Wakati wa kuaga, kaka mkubwa, ambaye alikuwa amesikia yote, akaniambia, "Shemeji, wali iko muzuri. Lakini mara ingine utupikie bugali. Siye hatuko bageni."

Wiki iliyopita walirudi. Muhogo niliuloweka mwenyewe, bugali nikaisonga mwenyewe. Nikanyoosha mkono nionje kwanza, kama ile siku. Kaka mkubwa akanitangulia. Alikata tonge, akachovya, akala, wala hakunitazama.

Namshukuru Mungu, haleluya! Nawe uliyekosea jana ukachekwa, usizibe masikio. Kaa karibu na Yeye anayekulisha, utamzoea. Na akisema neno, mwamini kama shemeji yangu alivyoniamini: nyoosha mkono, ule. Amina!