Barua ya Kumbakiza Madam

Benchi letu liko Ngonga, huku Kyela, mbele ya duka la mbolea, na kahawa nauza mimi. Wanaoshinda hapo ni Hezroni, tunayemwita Profesa kwa kuwa hajui kunyamaza, na Gwamaka Redio, ambaye habari humwasha mdomoni mpaka aitoe. Leo walikuwa na karatasi. Tumesikia mwalimu wa darasa la awali katika shule yetu ya serikali anahamishwa, na mwenyewe hataki. Mjukuu wangu Beatrice anaanza Januari. Nilitaka barua imfikie afisa elimu leo leo, nikawamiminia kahawa hata kabla hawajaomba.

— Andika, Profesa, akasema Redio. Watoto wetu wanawashinda hata wale wa chekechea ya kulipia kule mjini, wenye soksi nyeupe.

— Kabisa. Wale wanaimba Kiingereza, ukiwauliza saba na mbili wanakutolea macho. Sababu ni mchele wa Kyela. Ile harufu inafungua kichwa.

— Acha kamba! Kwani wa mjini wanakula majani? Sababu ni udongo. Madam ameagiza udongo wa wafinyanzi wa Ikombe, umekuja kwa mtumbwi, watoto wanafinyanga namba. Namba inaingilia kwenye kucha.

— Kwenye kucha?

— Inapanda na damu. Mtoto akilala, inafika kichwani.

— Basi wanawake wa Ikombe, wanaofinyanga vyungu kila siku, wangekuwa mawaziri wote, nikasema. Andikeni, nyie!

Profesa akaweka kalamu chini.

— Bibi, Anyosisye wangu, kabla ya kuingia darasani kwa Madam, alikuwa hasemi na mtu. Sasa kila jioni anahesabu bata, na akikosa mmoja ananihoji mimi. Nimshukuruje yule mama? Ndaga fijo, hii asante sana yetu, haitoshi.

Redio akaiokota kalamu, akamrudishia, na barua ikaisha.

Ndipo akaegesha pikipiki mnunuzi wa kakao, Benedict, mgeni wa wiki moja. Akasoma barua yote.

— Nzuri, wazee. Mwalimu mwenyewe anaitwa nani?

— Madam.

— Madam nani?

Redio akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe.

— Anatoka Bukoba, akasema. Ana gauni la kijani.

— Afisa amtafute kwa gauni? nikamuuliza.

Wakanigeukia mimi. Nami jina lake sikulijua. Kwetu mtu wa heshima hatumtaji jina ovyo, na huyu tumemheshimu miaka mitatu bila hata kumuuliza.

Nikajifunga kitenge, nikaenda shuleni. Nilimkuta amechuchumaa katikati ya watoto sitini, anamfunga mmoja kiatu.

— Ndaga, mwanangu, nikasema. Nisamehe. Jina lako nani?

Akacheka, akawageukia watoto.

— Mwambieni Bibi.

— Mwalimu Restitutaaa!

Nikarudi nikilikariri jina njia nzima, kwa sauti, na aliyenisalimia njiani hakujibiwa.