Kasiva Mbaluka, Aliyetuuliza Kwa Nini

Marehemu Kasiva Mbaluka alizaliwa tarehe 14 Agosti 1988 hapa Tawa, mtoto wa kwanza wa mwanangu Mbaluka, na mimi nyanya yake Kaluki ndimi niliyepewa kusoma, kwa sababu baba yake akisimama atalia na mvua itatukuta hapa. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, sekondari Sultan Hamud, akamaliza mwaka 2006, kisha akaenda chuo kikuu Nairobi kusomea muziki, jambo ambalo wengi wenu mlilicheka, mkisema kuimba hakusomewi.

Huko ndiko alikojifunza nyimbo za Kifaransa, ambazo ni shairi lililotiwa sauti, anasimama mwimbaji mmoja, anaketi mpiga piano mmoja, hakuna makofi wala kuitikia, na huyo mpiga piano alikuwa Gedion, aliyefunga naye ndoa tarehe 6 Desemba 2014, wakajaliwa binti mmoja, Mwongeli, mwaka 2016. Tangu Januari 2013 alifundisha muziki katika shule ya wasichana upande wa Kasikeu, na akija likizo aliimba jikoni kwangu akichambua maharagwe, mpaka nikamwuliza anamgombeza nani.

Sehemu inayofuata familia ilitaka niiruke kwa aibu, nami nimekataa, aibu ni yetu na tutaisikiliza. Tarehe 10 Agosti 2019, tukimzika mume wangu Kiema, Kasiva alisimama kumwimbia babu yake, Gedion akipiga kinanda cha kanisa, na wimbo ule ulirudia neno moja, purkwaa, purkwaa, kwa sauti ya kuvuta, nasi Wakamba tukasikia kw'a, yaani kufa, tukaona mtoto anatuapiza mbele ya kaburi. Mbinya, kiongozi wa akina mama, akaanzisha pambio, wote tukaitikia na makofi juu, Kasiva akafunga mdomo, akaketi. Sokoni likasemwa pepo la Kifaransa, wazazi wengine wakatoa wasichana wao katika kwaya yake, na hapa nyumbani hakuimba tena, hata maharagwe aliyachambua kimya.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akawa anaoshwa damu katika hospitali ya mji wa Wote, na huko kitandani Mbinya alikwenda kumwona, akamwuliza ni kosa gani tulimkosea hata atutakie kifo. Kasiva alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mashine, akasema, "Mama, purkwaa ni kwa nini. Nilikuwa namwuliza babu kwa nini ameenda. Hata nyinyi mkiuliza kwa nini mnaanza na kwa, na hakuna anayekufa." Miaka yote hiyo tulimkwepa mtoto kwa swali ambalo kila mtu pale kaburini alikuwa nalo, na hakuna aliyefikiria kumwuliza yeye.

Alituacha Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, na alichoomba ni wimbo ule umalizwe, kwa sababu ulikatwa katikati.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Wote, majirani mliochota maji, walimu wenzake wa Kasikeu, na Mbinya, aliyekuja leo akijua nitasoma haya. Sasa Gedion atapiga kinanda mpaka mwisho, mahali pa mwimbaji patabaki kimya, maana mwimbaji ni huyu tunayemzika, na atakayesikia ulimi unamwasha kwa pambio aumeze. Pumzika kwa amani, Kasiva, leo hakuna wa kukukatiza.