Daktari Généreuse na Mafuta Yaliyokwama Mlangoni

Tarehe 30 Juni, Daktari Généreuse Nabintu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika kliniki yetu ya Rumonge. Alikuja kutoka Uvira kwa miezi mitatu tu, kumshikia mwenzake nafasi. Huyo mwenzake bado tunamsubiri.

Tutamkumbuka kwa maswali. Sisi wauguzi tukipata jibu, tunaenda kunywa chai. Yeye akipata jibu, chai yake inapoa.

Mfano ni Waziri, mvuvi wa Magara. Aliletwa kijana kabisa, kifua kinambana, vinundu vya manjano kwenye viwiko, mafuta kwenye damu yamepita kiasi. Sote, mimi nikiwa mbele, tukalaumu mawese. Baada ya miezi akarudi amekonda: "Daktari, mawese nimeacha, bibi yangu karibu aniache, na mafuta iko pale pale."

Daktari alicheka, kisha akampima moyo. Mishipa ya moyo ilikuwa inaziba. Akapima wazazi: damu yao safi. Sasa haya yametoka wapi? Akamwanzishia kijana dawa, akatuma damu yake ng'ambo. Jibu likaja: ini lake limekosa protini moja ndogo ya kuunganisha. Kila mzazi alikuwa na nakala moja mbovu ya jeni hiyo na moja nzima, bila kujua; kijana akarithi mbovu zote mbili.

Ili tuelewe, alituigizisha uani. Kalume wa maabara akawa kipokezi, amesimama kwenye mlango wa ini kudaka mafuta. Mimi nikapewa kuwa mafuta. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Olivier, mlinzi, akawa protini: kazi yake kumvuta Kalume ndani pamoja na mzigo wake, mafuta yakasagwe, Kalume arudi mlangoni. Kisha Daktari akamtoa Olivier. Tukabaki tumeshikana mikono kama watu wa salamu za amahoro zisizoisha, na nyuma yangu foleni ya mafuta wenzangu imejaa njia nzima. Njia hiyo ndiyo mshipa wa damu.

Dawa zilimkubali Waziri. Samaki wa sherehe hii kawaleta yeye, amepanda nao kilima kutoka ufukweni bila kupumzika.

Daktari hajaridhika. Anasema protini za aina hiyo zipo hata kwenye kuta za mishipa; baadhi hutuliza uvimbe, nyingine huuchochea. Kwa nini? Hilo anaondoka nalo nyumbani.

Mama Daktari, murakoze, asante sana. Tunakutakia maisha mema, na chai unywe ingali moto.