Mama Kanyana Kati ya Msamaha na Sheria

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Kanyana Semahoro anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya msaada wa sheria kwa wafanyakazi kwa miaka kumi na minane. Alisema hataki sherehe. Hatukumsikiliza, maana miaka yote hiyo yeye naye hakutusikiliza tulipomwambia aende nyumbani akapumzike.

Alianzia Louisville. Alikuwa ametoka milima ya Minembwe, Kivu Kusini, akapitia kambini Burundi, akaishia kufunga vifurushi kwenye ghala. Wenzake walipoonewa kazini, yeye ndiye aliyewasindikiza kwa wakili na kuwatafsiria, mpaka wakili akaona haya kumtumia bure, akamwajiri. Ofisi ilipohamia hapa Clintonville, Columbus, naye alihama nayo, pamoja na sufuria zake zote na friza ambayo mpaka leo hatujui iliingiaje kwenye gari dogo la Wakili Ombeni Bagula.

Kwa cheo alikuwa mkalimani na msaidizi wa mawakili. Wakili Bagula aliandika hoja; Mama Kanyana alihakikisha wateja wanazielewa na wamekula. Mteja aliyesema ameshiba alionekana kuwa ana jambo analificha, na mara nyingi, bon, ilikuwa kweli.

Miaka hii miwili ya mwisho ndiyo iliyomchosha. Vita vya mbali vilileta maneno makali hadi kwenye makorido ya chuo na vyumba vya chakula vya viwandani, na kila mtu akawa anamwita mwenzake mbaguzi. Tulipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wetu Waafrika kule University District, ukumbi uliwaka moto. Wengine walidai kila bango la maandamano ni chuki dhidi ya Wayahudi. Wengine walidai chuki hiyo haipo, ni kisingizio tu cha kuwaziba watu midomo. Mama Kanyana aliwaacha wapige kelele mpaka wakakaukiwa, kisha akawaeleza taratibu. Kuilaani serikali, iwe ya nchi yoyote, ni haki ya mtu. Lakini ukimtwisha mfanyakazi mwenzako makosa ya serikali kwa sababu ya dini yake au damu yake, umevuka mpaka, na mwajiri anayejua halafu akanyamaza ameuvuka pamoja nawe. Wiki hiyohiyo alikuwa anamtetea binti mmoja Mpalestina aliyepunguziwa saa za kazi kwa sababu ya mtandio wake. Kwake sheria ilikuwa ileile kwa Myahudi na kwa Mpalestina, na aliyemuuliza yuko upande gani aliambiwa aketi ale kwanza.

Halafu ikaja kesi ya Buffalo. Mteja wetu alikuwa Ira Zeldin, fundi wa mashine kwenye ghala moja la vyakula, Myahudi mtu mzima mwenye sauti ya chini. Mtu alikuwa amechora kwa rangi kwenye kabati lake la kazini nyota ya Wayahudi, na chini yake maneno ya kumwambia arudi kwao. Kwao ni Buffalo. Babu yake amezikwa hapo. Msimamizi wake alimjibu kwamba hiyo ni siasa, siyo sheria, na rangi ikabaki pale.

Tulimtuma Mama Kanyana akazungumze na mashahidi, kwa kuwa nusu ya shifti ile ni watu wetu wa Kivu. Hakuhitaji kuuliza sana. Aliyepaka rangi alikuwa Marcellin, kijana wa Shami. Na Shami ni nani? Ni mwanamke aliyetoka milimani pamoja na Mama Kanyana, wakapokezana kumbeba mtoto huyohuyo mgongoni. Marcellin aliona video ya vita vile kwenye simu, akapandwa na hasira, akamalizia hasira hiyo kwa mtu aliyekuwa karibu. Mama Kanyana alimpeleka mbele ya lile kabati, akamwonyesha kwa kidole.

“Hii maneno najua,” alimwambia. “Kule Uvira walituandikia njo hii ku mulango yetu.”

Kijana alilia palepale, kati ya mashine.

Sasa hapa ndipo Mama Kanyana alipofanya jambo ambalo Wakili Bagula akilisimulia bado anashika kichwa. Kwetu, mtu akimkosea mwenzake, familia inaongozana kwenda nyumbani kwa aliyekosewa kuomba radhi. Basi, bila kumwambia mtu ofisini, akamchukua Marcellin na mama yake na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, wakaenda kwa mteja wetu siku ambayo wote hawana kazi: Jumamosi mchana.

Mzee Zeldin aliwafungulia akawakaribisha, ila sombe haikuwezekana, kwa miiko ya chakula cha dini yake, na siku ya Sabato hazungumzii kazi wala ugomvi. Wageni nao, kwa adabu ya kwao, hawawezi kusema kilichowaleta kabla mwenyeji hajawauliza. Donc, wakakaa. Mwenyeji hawezi kuuliza, wageni hawawezi kuanza. Walikunywa maji. Walitazama picha za wajukuu. Marcellin alitazama zulia. Waliketi hivyo hadi jua likazama na nyota zikaonekana, mzee akawasha mshumaa wake wa kuiaga Sabato, akasoma sala, ndipo akageuka na kuwauliza wamekuja na habari gani. Marcellin alipiga magoti. Mzee alimwinua, akamwambia amemsamehe.

Wakili Bagula alipopata habari nusura azimie. Msaidizi wake alikuwa amemleta mtuhumiwa hadi sebuleni kwa mteja! Alimpa Mama Kanyana onyo kali, na alistahili, naye alilipokea bila kubishana.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Kwa Shami mambo yalikuwa yamekwisha, kwa sababu kwetu radhi ikishapokelewa neno hilo halirudiwi. Lakini msimamizi alikuwa amemkuta Marcellin na brashi mkononi, akacheka, akaenda zake. Kampuni ilidai haikujua lolote. Bila Marcellin kusema hayo chini ya kiapo, kesi ilikuwa inakufa, na akisema, kazi yake inakwenda. Mama Kanyana alimwomba aseme. Shami alimpigia simu ofisini, nasi tuliokuwa karibu tulisikia.

“Tulisha omba musamaha, akatusamehea,” alisema. “Sasa mutoto wangu unamuuzisha ya nini?”

Mama Kanyana alijibu kwamba mzee amesamehe la kwake, lakini kesho yuko mwingine mbele ya kabati jingine. Simu ikakatwa.

Marcellin alisema kweli yote. Msimamizi aliondolewa, kampuni ikakubali kuandika taratibu mpya za kupokea malalamiko, na mzee Zeldin akabaki kwenye mashine zake. Marcellin alifukuzwa, akakaa miezi bila kazi. Shami hakupokea tena simu ya Mama Kanyana. Kanisani Buffalo walisema amemuuza mtoto wa kwao. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga namba ile, simu ikaita mpaka ikakata, naye akarudi kuosha vyombo. Tuseme wazi: iliumiza, na sisi tuliumia tukimwona.

Mama Kanyana, wewe uliyetaka tukuage kimya kimya, tunakushukuru kwa wateja waliotoka hapa wakitembea wima, kwa chakula, na hata kwa ukaidi wako. Unarudi Louisville kwa binti yako. Mungu akupe siku tulivu na wajukuu wasikivu kuliko sisi, na friza uiache.

Limebaki jambo moja la ratiba, ambalo hukuambiwa. Wakili Bagula ndiye aliyepangiwa kukuvika kitenge leo. Juzi alipigiwa simu kutoka Buffalo, akaombwa aachie nafasi hiyo, naye ameiachia. Marcellin ndiye aliyeendesha gari. Tunaomba wote tusimame: atakayemvika Mama Kanyana kitenge ni Shami.

Jolie Nzigire, kwa niaba ya wafanyakazi wote