Kitanda cha Tatu

Elungat alipanda gari la Busia pale Malaba akiwa amepakata nyumba ya katoni. Mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyeketi karibu naye akaichungulia kupitia kidirisha chake.

"Umejenga mwenyewe, bosi?"

"Na msichana wangu, Ajiko. Anakaa na mama yake Amukura. Mimi huenda Jumamosi, tunakata na kubandika."

Akamweleza kwamba wiki hii alikuwa ametengeneza vitanda kwa maboksi ya kiberiti. Cha Ajiko na cha mama yake vilikuwa ndani. Cha tatu, chake mwenyewe, alikuwa nacho mfukoni, kwa sababu Jumamosi iliyopita Ajiko alimuuliza, "Baba, chako kitakaa wapi?" naye akajifanya anatafuta gundi.

"Si ukiweke tu," muuza omena akasema.

"Mama yake akikiona atadhani namtumia mtoto ili nirudi."

"Basi usikiweke."

"Ajiko naye atasema nimekataa kulala kwao."

Muuza omena akamgeukia. "Kwani wewe unataka kurudi?"

Elungat, ambaye kutwa hujibu maswali ya madereva wa malori kule mpakani Malaba, akakipapasa kitanda mfukoni. "Sijui, mama. Nilitaka tu tumalize nyumba."

"Jenga kajumba kako kando yake."

"Ajiko aliniambia hataki nyumba mbili."

Gari likasimama Amukura. Ajiko alikuwa kando ya barabara, na aliyemshika mkono ni mama yake, ambaye tangu waachane hajawahi kuja kumpokea Elungat. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, ingawa ilikuwa Jumamosi.

Muuza omena akawatazama, kisha akamtazama Elungat. "Hapo sasa," akasema polepole, "hata mimi sijui."