Shuka Jekundu la Mwalimu Vaileth

Tangu Jumanne, shuka jekundu lililofungwa kwenye nguzo ya zizi hapa Oldonyo Sambu linapepea bila mtu wa kulitazama kutoka juu. Wapo waliotaka tulishushe kabla ya maziko, na wasifu huu usitaje habari za kuruka. Mama Nosim, mama mkwe wa marehemu, aliwajibu: "Nililifunga mimi. Lisiguswe."

Vaileth Aikaeli Kaaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Akheri, mtoto wa tatu wa wakulima wa kahawa na migomba. Alisoma na kupata kipaimara huko huko, akahitimu shahada ya ualimu Dar es Salaam mwaka 2004, akafundisha jiografia Kisongo hadi ugonjwa ulipomzuia.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Nathanael Lerionka Mollel.

Mwaka 2011 alijifunza nchini Kenya kuruka milimani kwa parashuti isiyo na injini. Akawa rubani mzoefu wa upande huu wa Mlima Meru, ambako upepo ukishavuka kilele hujipindua na unaweza kuikunja parashuti hewani. Siku mawingu yalipokimbia kileleni, alibeba mzigo wake mgongoni akashuka kwa miguu. Wenzake walimtania, "Mwalimu, leo umeogopa?"

"Sana. Ndiyo maana mnaniona kila wiki."

Lakini mwaka 2013 alitua katikati ya zizi hili, mbuzi wakavunja uzio. Mama Nosim akamwendea na fimbo.

"Mke wa Nathanael, mlango upo. Kwa nini unapitia juu?"

"Shikamoo, mama. Upepo wa huku chini sikuuona."

Kesho yake shuka la mama lilikuwa nguzoni. "Sasa utauona. Mbuzi wangu uwaache."

Desemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Arusha na Moshi, akafariki kitandani kwake Jumanne, tarehe 2 Septemba 2025, mumewe akiwa amemshika mkono. Kwa wanaonong'ona, tunasema wazi: upepo haukumuua. Miaka yote ile haukumvunja hata kidole. Wala hakuna laana iliyomfuata kwa kuwa alipanda juu. Mwanamke huyu aliruka, na familia haimwombi mtu radhi.

Ameacha mume, watoto wawili, Resiato na Emmanuel, mama yake mzazi, Lydia, na Mama Nosim. Mungu ampe pumziko lenye amani.

Kaburi lake liko kando ya zizi, chini ya nguzo ile, na shuka bado lipo.