Dada Yetu Aliyejifunza Kazi kwa Kukaa Vikaoni

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Kiguu na Njia, na nyie wa kazini mlimwita Mama Vipimo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi rangi na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili, ambamo kitanda chake kilihamishwa kila alipokuja mgeni, na baadaye yeye mwenyewe akawa anakihamisha hata pasipo mgeni, hadi mama akamwambia ipo siku atakikuta barabarani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, ambako mwalimu wa darasa aliandika neno moja tu kuhusu tabia yake, "Hatulii", kisha akasomea uhazili kwa mwaka mmoja, akafanya kazi katika duka la vipuri, zahanati, kampuni ya bima na shule ya udereva, kote huko akiondoka kabla kiti hakijapata joto.

Tarehe 6 Juni 1994 aliajiriwa kuwa katibu katika ofisi ya mbunifu wa mambo ya ndani ya nyumba, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, na kazi yake ilikuwa kukaa pembeni wakati wateja wakizungumza na bosi, kuandika yaliyokubaliwa, na kunyamaza. Ubunifu hakuwa ameusomea hata siku moja, lakini pale pembeni alianza kuandika upande wa kulia wa daftari yale mteja aliyoyasema, na upande wa kushoto yale aliyoyafanya akiwa anasema, kwamba huyu anasifu zulia jeupe huku amemshika mtoto mkono asimwage juisi, na yule anasema "chochote tu" ilhali macho hayabanduki kwenye picha ya jiko, na kikao kikiisha alishuka mbio kwa mafundi wa vigae, umeme na mbao kuuliza kwa nini hiki kinakaa hapa na si pale, hadi wakawa wakimwona kwa mbali wanajifanya wanakunywa chai.

Februari 1999 walikuja wastaafu wawili, mume na mke, waliotaka nyumba yao ipangwe upya, na bosi alipowapa mchoro wa sebule ya kushuka ngazi tatu na milango ya vioo vitupu, marehemu aliona yule mama ameushika juu chini, na anausifu. Alipomwambia bosi, alijibiwa, "Wewe andika, macho ya watu tuachie wenyewe." Siku tisa nyumbani hakukukalika naye, mboga ziliungua, nguo zilichachia kwenye beseni, na siku ya kumi, bila ruhusa, akaenda kupiga hodi kwa yule mama, mzee akiwa ametoka.

"Mama, nisamehe, lakini ule mchoro uliushika juu chini."

Yule mama akasema, "Mwaka wa pili huu naona vivuli tu, mwanangu. Baba watoto hajui. Akijua, hata chai hataniacha nichemshe."

Basi marehemu, akiwa ameahidi kutosema, alichora upya nyumba nzima, sakafu ikiwa sawa kote, miimo ya milango ikiwa ya rangi nzito kwenye kuta nyeupe, na katika kikao kilichofuata akasimama kwa mara ya kwanza, akatoa mchoro wake, akadai ngazi za sebuleni zimepitwa na wakati, jambo ambalo halikuwa kweli. Bosi alimfukuza kazi jioni ileile. Baada ya wiki mzee alirudi kusema mkewe hataki mchoro wowote ila wa yule binti wa pembeni, na bosi, ambaye tuko naye hapa, alimfuata mwenyewe hadi nyumbani, akamrudisha kazini akiwa mbunifu. Yule mama pia tuko naye, na ndiye aliyetutaka tulisome hili, kwani yeye mwenyewe alikuja kumwambia mumewe siri ile kwa kinywa chake, siku aliyoichagua, akiwa tayari anaizunguka nyumba yake bila kushikwa mkono.

Alifunga ndoa tarehe 21 Septemba 1996 na seremala aliyeleta ofisini kabati lisilopita mlangoni, wakajaliwa binti mwaka 1997 na mwana mwaka 2001. Hatutaficha kwamba waliishi katika nyumba sita, shemeji yetu akisema ameoa upepo, na kwamba mwaka 2008, alipotangaza kuhama tena, binti yake alimwambia, "Mama, wateja wote unajua wanachotaka. Mimi hujawahi kuniuliza." Marehemu alikaa chini sakafuni, katikati ya maboksi, akamsikiliza mpaka akamaliza. Hawakuhama tena.

Agosti 2021 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akikaa muda wa saa nne kila mara kwenye kiti kimoja, jambo alilosema ni gumu kuliko sindano, hadi tarehe 3 Novemba 2023, saa nne asubuhi, alipofariki dunia mikononi mwa mumewe na wanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotuletea maji na viti bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliofunga ofisi leo.

Dada, umehangaika vya kutosha kwa ajili ya nyumba za watu. Tulia sasa, upumzike.